Ramani tupu, kadi au jedwali? Ulinganisho wa njia za kusomea mashindano ya jiografia ya dunia

Chukua swali hili, la aina ile inayosomwa taratibu huku washiriki wameshaweka vidole kwenye vitufe: "Mto huu huvuka ikweta mara mbili. Ndio wenye kina kirefu kuliko mito yote duniani, na kuna mahali kina chake kinapita mita 200. Miji mikuu miwili hutazamana kwenye kingo zake. Utaje."

Jibu ni Mto Kongo. Aliyezoea kuchora ramani hubonyeza kwenye sentensi ya kwanza, maana mkono wake umeshaupitia ule upinde mkubwa mara nyingi. Aliyekariri majedwali hubonyeza kwenye sentensi ya pili. Aliyesoma kwa kadi za miji mikuu hungoja Kinshasa na Brazzaville, na hadi hapo mwenzake ameshazoa pointi. Ukiwauliza kabla ya shindano, wote watatu watakuambia Mto Kongo wanaujua vizuri sana.

Kwa hiyo swali la "njia gani ni bora?" halina jibu mpaka ujue maswali yatakujia kwa upande upi. Jambo ulilolisoma kwa upande mmoja hukujibu likiulizwa kwa upande huohuo, likigeuzwa linapotea.

Kwanza, aina ya shindano

Kwenye shindano la kuchagua A hadi D unahitaji kulitambua jibu ukiliona tu. Kwenye la kuandika jibu fupi unahitaji kulitoa kichwani na kuliandika kwa tahajia inayokubalika. Kwenye la kubonyeza kitufe unahitaji hayo yote pamoja na kasi. Mwanafunzi anayefanya mazoezi ya kuchagua majibu kisha akaenda kwenye shindano la kuandika hushangaa kuona maksi zimeporomoka. Hajasahau kitu, ila hakuwahi kuliandika jina Ljubljana bila kuliona mbele yake.

Yapo pia mashindano ambayo kukariri ni sehemu ndogo tu. Olimpiadi ya Kimataifa ya Jiografia, iliyoanza The Hague mwaka 1996, huchukua timu za wanafunzi wanne wenye umri wa miaka 16 hadi 19. Jaribio la kuandika lina uzito wa 40%, kazi ya uwandani 40%, na maswali ya picha na ramani kwenye skrini 20%. Kama unalenga huko, tumia robo tu ya muda wako kwa mambo yanayofuata hapa. Uliobaki uende kwenye kusoma grafu za hali ya hewa, ramani za kontua na kujenga hoja.

Kwa mashindano mengine, picha ya haraka ni hii:

| Swali linahusu | Njia inayolifaa | Udhaifu wa njia hiyo |
|---|---|---|
| Mahali, majirani, njia ya mto | Ramani tupu | Haifundishi tahajia, sarafu wala bendera |
| Jozi: nchi na mji mkuu, sarafu, bendera | Kadi | Haikuambii kitu kiko wapi |
| Kubwa zaidi, refu zaidi, la pili kwa kina | Jedwali | Takwimu na vigezo hubadilika |
| Vidokezo virefu, kasi | Maswali ya kusomewa | Hupima ulichonacho, hayaongezi kipya |

Ramani tupu

Kama una nafasi ya njia moja tu, chukua hii. Ramani humpa mtu mahali pa kutundika kila kitu kingine: ukishajua Suriname iko kati ya Guyana na Guyana ya Kifaransa, jina Paramaribo lina pa kukaa. Bila hivyo ni sauti tu, na sauti huchanganyika.

Chapa au chora ramani yenye mipaka bila majina, bara moja kwa karatasi moja. A4 inatosha Amerika Kusini yenye nchi 12, lakini Afrika yenye nchi 54 inataka A3, la sivyo Gambia, Rwanda na Burundi hazina pa kuandikwa na utazoea kuziruka. Gawa bara katika vipande vya nchi 8 hadi 10. Tazama atlasi dakika 3, ifunge, andika kwa penseli unayoyakumbuka, kisha sahihisha kwa kalamu nyekundu. Kosa usilifute. Lipige mstari na uandike sahihi pembeni, kwa sababu ukurasa wa makosa ndio utakaousoma wiki ya mwisho. Kipande hicho kirudie siku ya 2, ya 4 na ya 8, kila mara kwenye karatasi mpya.

Ukishaweza kujaza bara zima bila atlasi, ingia kwenye zoezi la kuzunguka mipaka. Taja nchi, kisha taja majirani zake kuanzia kaskazini ukifuata mzunguko wa saa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina 9: Jamhuri ya Afrika ya Kati, Sudan Kusini, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Zambia, Angola na Kongo ya Brazzaville. Wengi huirukia Zambia kutoka Burundi na kuisahau Tanzania, kwa kuwa mpaka wake na Kongo umo ndani ya maji ya Ziwa Tanganyika, na jicho halioni nchi kavu ikigusana. Kosa kama hilo huwezi kuligundua kwa kadi.

Maswali ya "ipi isiyo..." nayo hujibiwa na ramani kabla ya kitu kingine. Brazil inapakana na nchi zote za Amerika Kusini isipokuwa Chile na Ekuador. Nchi za Afrika zisizo na bahari ni 16. Zipake rangi moja na utaona zinavyoshikana kuanzia Mali hadi Sudan Kusini kupitia Niger, Chad na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Nchi zilizozungukwa na nchi ambazo nazo hazina bahari ni mbili tu duniani, Liechtenstein na Uzbekistan. Chora ikweta kwa rula na uhesabu nchi ambazo inapita juu ya ardhi yake: 11. Guinea ya Ikweta haimo, licha ya jina lake. Bara yake na kisiwa cha Bioko viko kaskazini ya mstari, kisiwa cha Annobón kiko kusini, na mstari wenyewe unapita baharini katikati. Watunga maswali wanaupenda mtego huu.

Inaharibika wapi? Mahali pa kwanza ni programu za kubofya nchi kwenye skrini. Ni nzuri kwa kupasha moto, na Seterra inatosha kwa kazi hiyo, lakini alama zake zinadanganya. Ukiwa umeshabofya nchi 40, zilizobaki unazipata kwa kuondoa, na wakati mwingine umbo lenyewe linakunong'oneza. Hesabu jibu la kwanza tu kwa kila nchi, na angalau mara moja kwa wiki rudi kwenye karatasi isiyokusaidia chochote. Pili ni ramani ya Mercator, ambayo huifanya Greenland ionekane karibu sawa na Afrika. Afrika ina kilomita za mraba zipatazo milioni 30, Greenland milioni 2.17, yaani Afrika ni kubwa kama mara 14. Anayelinganisha ukubwa kwa macho kwenye ramani ya namna hiyo atakosea kila swali la Kanada, Urusi au Greenland.

Kadi

Kadi zina kazi moja, nayo zinaifanya vizuri kuliko njia yoyote: jozi. Nchi na mji mkuu, nchi na sarafu, bendera na mwenye nayo, jina la zamani na la sasa. Kasi yake ni kubwa, zinabebeka, na zinakulazimisha kutoa jibu kichwani badala ya kulisoma. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alishaonyesha mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya tunachokariri hupotea mapema mno, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hushinda marudio ya mkupuo mmoja. Kadi ndizo zinazofanya marudio hayo yawezekane bila kukumbuka kila kitu kinarudiwa lini.

Mpango wa masanduku matano, uliotangazwa na mwandishi wa habari Sebastian Leitner miaka ya 1970, bado unafaa. Kadi mpya huingia sanduku la 1 na kurudiwa baada ya siku 1. Ukipata, inapanda: siku 2, siku 4, siku 8, siku 16. Ukikosa, inarudi sanduku la 1 hata kama ilikuwa la 5. Sasa piga hesabu kabla ya kuanza, maana hapa ndipo wengi wanapozama. Kadi moja usiyoikosea hata mara moja itapita mikononi mwako mara 6. Ukiingiza kadi mpya 15 kwa siku, baada ya mwezi utakuwa na marudio 90 kwa siku, na ukijumlisha makosa 110 hivi. Kwa sekunde 8 kila kadi, hiyo ni robo saa. Ukijitia ushujaa wa kadi 40 kwa siku, robo saa inakuwa dakika 40, unaruka siku moja, rundo linakua, unaacha. Kadi 15 zinatosha: nchi 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa zinaisha kwa siku 13.

Namna ya kuandika kadi ina uzito kuliko idadi yake. Kadi iliyoandikwa "Kazakhstan: mji mkuu, sarafu, majirani?" ni mbovu, kwa sababu ukipata mawili kati ya matatu hujui uipandishe au uirudishe. Igawe: Astana kadi yake, tenge kadi yake, majirani wapelekwe kwenye ramani. Kisha tengeneza kadi ya kinyume. Anayejua kwamba mji mkuu wa Burkina Faso ni Ouagadougou si lazima ajue haraka Ouagadougou ni ya wapi, na shindano huuliza pande zote mbili.

Miji mikuu inayotega iwe na rundo lake, kwani swali la mji mkuu rahisi halimtenganishi mtu na mtu. Canberra, si Sydney. Ankara, si Istanbul. Ottawa, si Toronto. Brasília tangu 1960, si Rio de Janeiro. Abuja tangu 1991, si Lagos. Gitega, si Bujumbura. Dodoma, si Dar es Salaam. Penye miji zaidi ya mmoja, andika kigezo upande wa swali. "Bolivia, mji mkuu wa kikatiba" ni Sucre; "Bolivia, makao ya serikali" ni La Paz. Uholanzi mji mkuu ni Amsterdam, ila serikali hukaa The Hague. Afrika Kusini ina Pretoria kwa serikali, Cape Town kwa bunge, Bloemfontein kwa mahakama. Kadi inayosema tu "Afrika Kusini?" itakufanya ubishane na mwamuzi.

Tatizo kubwa la kadi ni majina yanayofanana. Ukiingiza Slovakia (Bratislava) na Slovenia (Ljubljana) siku moja, utazichanganya kwa mwezi mzima. Vivyo hivyo Kingston ya Jamaika na Kingstown ya Saint Vincent, Bucharest na Budapest, Dominika na Jamhuri ya Dominika. Ingiza moja, acha ifike sanduku la 3, ndipo ulete ya pili. Halafu tengeneza kadi ya tatu inayozikutanisha: "Ipi ina Ljubljana, Slovakia au Slovenia, na ipi kati yao inafika baharini?" Slovenia, kwa maswali yote mawili. Bendera nazo zina mapacha: Chad na Romania, Indonesia na Monaco, Mali na Guinea zilizogeuziana mpangilio wa rangi, Ireland na Kodivaa vilevile. Hizo usizisome moja moja. Ziweke mbili mbele yako na utaje tofauti kwa sauti.

Karatasi au programu? Kwa kadi chini ya 300, karatasi ni sawa kabisa, na kuziandika kwa mkono ni sehemu ya kusoma. Zikizidi hapo, kupanga masanduku kwenyewe kunakula muda, na programu kama Anki hukuhesabia siku na kukuwekea picha za bendera na maumbo ya nchi. Hatari ya programu ni kupakua rundo la maelfu ya kadi lililotengenezwa na mtu mwingine. Hujui lina umri gani, na utakariri kwa bidii majina yaliyokwishabadilishwa, kama Swaziland na Nur-Sultan. Kwa karatasi hatari ni tofauti kidogo: unaanza kuitambua kadi kwa doa la wino au kona iliyokunjika, na jibu linakujia kabla hujasoma swali. Kwa zote mbili, tamka jibu kwa sauti kabla ya kugeuza. Anayegeuza kwanza hujiambia "nilikuwa naijua" na kuipandisha kadi asiyoijua.

Jedwali

Orodha za "kumi bora" zinavutia kuzitengeneza na zinachosha kuzikariri, tena faida yake ni ndogo kuliko inavyoonekana. Maswali mengi huuliza la kwanza, la pili, au la kwanza kwa kila bara. Kariri matatu ya juu kwa mpangilio, na milima mirefu ya kila bara, basi. Nafasi ya saba kwa urefu wa mito haitakulipa muda uliotumia.

Faida halisi ya jedwali ni safu moja ambayo wengi huisahau: kigezo. Mlima mrefu kuliko yote ni upi? Kutoka usawa wa bahari ni Everest, mita 8,848.86 kwa kipimo kilichotangazwa na China na Nepal mwaka 2020. Kutoka kitako hadi kilele ni Mauna Kea, zaidi ya mita 10,000, sehemu kubwa ikiwa chini ya bahari. Ulio mbali zaidi na kitovu cha dunia ni Chimborazo wa Ekuador. Jangwa kubwa kuliko yote ni Antaktika. Sahara ni kubwa kuliko yote ya joto. Ziwa kubwa kwa eneo ni Kaspi. La maji baridi ni Superior. Lenye kina kirefu ni Baikal lenye mita 1,642, likifuatiwa na Tanganyika lenye mita 1,470. Mto Nile kwa kawaida huandikwa kilomita 6,650 na Amazon 6,400, lakini wapimaji hawakubaliani chanzo kianzie wapi. Kwa wingi wa maji, hapo ndipo Amazon haina mpinzani. Mwenye safu ya kigezo husikiliza neno moja ndani ya swali, na hilo neno ndilo jibu.

Takwimu zina tarehe ya kuharibika. Jaribu atlasi unayosomea kwa dakika moja: Sudan ikiwa nchi moja, ilichapwa kabla ya 2011, na itakuambia ndiyo kubwa kuliko zote Afrika wakati sasa ni Algeria. Ikiandika Swaziland badala ya Eswatini, ni ya kabla ya 2018. Mji mkuu wa Kazakhstan ukiitwa Nur-Sultan, ni ya kati ya 2019 na 2022. China ikiongoza kwa watu badala ya India, ni ya kabla ya 2023. Mlima Denali wa Alaska nao unaandikwa mita 6,194 kwenye vitabu vya zamani na 6,190 tangu 2015, na tangu 2025 Marekani imeurudishia rasmi jina la McKinley. Andika mwaka pembeni ya kila namba unayoiingiza kwenye jedwali. Pakitokea mzozo, mwenye mwaka ndiye mwenye hoja.

Maswali ya kusomewa

Haya huja mwisho. Ukiyaanza mapema, unatumia saa nzima kugundua kwamba hujui, jambo ambalo ulilijua tangu mwanzo. Subiri ramani za mabara zijae bila kosa zaidi ya 5, ndipo utafute mwenzako wa kusoma.

Msomaji asome kwa mwendo wa shindano, na ukibonyeza anyamaze papo hapo. Kwa kila swali aweke alama mahali ulipobonyeza: kidokezo cha kwanza, cha pili au cha mwisho. Baada ya maswali 50 tazama alama hizo. Ukiona unangoja kidokezo cha mwisho kila mara kwenye maswali ya mito, tatizo si kasi, ni ramani. Ukibonyeza mapema na kukosa, tazama neno lililokuponza. Mara nyingi ni "eneo" ulilolisikia kama "kina", au "makao ya serikali" uliyoyasikia kama mji mkuu. Kama sheria zinaondoa pointi kwa jibu baya, weka kanuni ya kubonyeza baada ya kidokezo cha pili kwa mada ulizo dhaifu.

Kugawa muda

Wiki 3 kabla ya shindano: ramani za mabara yote, miji mikuu inayotega, na matatu ya juu ya jedwali. Masanduku matano hayatakufaa, kwani kadi huchukua siku 31 kuyamaliza yote. Tumia matatu ya kwanza.

Wiki 8 hadi 10 ni muda mzuri. Wiki mbili za mwanzo ramani peke yake, kisha kadi 15 kwa siku huku ramani ikirudiwa mara mbili kwa wiki, kisha jedwali, na maswali ya kusomewa katika wiki tatu za mwisho. Anayeanza kadi kabla ya ramani kwa mpango huu hulipa baadaye: atakuwa na majina 200 yasiyo na mahali, na itabidi ayapitie tena yote.

Ukiwa na miezi sita, usiongeze idadi ya kadi. Ongeza kina kwenye ramani: matawimto, milango ya bahari kama Hormuz, Malaka na Bab el Mandeb, mifereji ya Suez (1869) na Panama (1914), na safu za milima zinazogawa mvua.

Kadi yoyote inayoingia siku 7 kabla ya shindano itafika sanduku la 3 tu. Funga milango hapo. Siku tatu za mwisho pitia karatasi zenye wino mwekundu peke yake, na zile kadi zilizowahi kurudi sanduku la 1 zaidi ya mara mbili.